Mringe wa Rabai na Wito wa Wanyonge

Katika sharika zetu, za mjini na za shamba, za bara na za pwani, kuna aina ya Mkristo ambaye aghalabu hatajwi katika mahubiri, nadhani kwa kuwa hana makelele wala hamsumbui mtu. Huja ibadani mapema, hukaa kwenye benchi la karibu na mlango, hutoa sadaka yake kwa kadiri ya uwezo wake, na wazee wa kanisa wakimwendea kumwomba asome somo la siku, au awafundishe watoto shule ya Jumapili, au aingie katika baraza lao, hujibu kwa sauti ya chini kwamba yeye hastahili. Ana kigugumizi, au hakusoma sana, au ndoa yake ilivunjika, au aliwahi kuwa mlevi na hata leo anaiogopa chupa, au ana hasira za upesi ambazo amezililia miaka na hazijamtoka. Na kwa sababu hiyo amejihukumu mwenyewe, pasipo kadhi wala shahidi, kwamba imani yake ni ya kumfikisha yeye tu salama, na kwamba kazi ya Mungu ni ya watu wengine, walio imara, walionyoka, wasio na doa.

Nina hoja moja ya kumletea mtu huyo, na ninaileta kwa mapenzi, kwa kuwa naona watu wa namna yake ni wengi na Kanisa linapata hasara kubwa kwa kumwacha hapo alipo. Hoja yenyewe ni hii: kwamba anayengoja kwanza aondokewe na udhaifu wake ndipo aitike wito, anangoja jambo ambalo Maandiko hayakuliahidi, wala historia ya Ukristo katika pwani yetu haikulishuhudia.

Kwa upande wa Maandiko sina haja ya kusema mengi, maana msomaji anayajua. Musa alipoitwa pale kijitini alitoa udhuru wa ulimi mzito, naye Mungu hakumponya ulimi. Alimpa nduguye Haruni asimame pamoja naye, akamtuma hivyo hivyo. Petro alimkana Bwana wake mbele ya kijakazi, na baada ya Bwana kufufuka aliulizwa habari moja tu, habari ya upendo, kisha akakabidhiwa kondoo. Lakini wa kuzingatiwa kuliko wote ni Paulo, aliyewaandikia Wakorintho kwamba alipewa mwiba katika mwili, na kwamba alimsihi Bwana mara tatu uondolewe. Wafasiri wamebishana karne nyingi mwiba huo ulikuwa nini, kama ni maradhi ya macho, au kifafa, au maudhi ya watu, na mimi naona ni heri haukutajwa, kwa sababu lau ungetajwa kila mtu mwenye udhaifu wa namna nyingine angesema kuwa maneno yale hayamhusu. Tunalojua ni kwamba ombi la mtume mkubwa namna ile, lililorudiwa mara tatu, halikukubaliwa. Aliambiwa kwamba neema inamtosha. Akaondoka na mwiba wake, akaendelea na safari, na nyaraka zake tunazosoma hadi leo ziliandikwa na mtu aliyekuwa akiumwa.

Habari hizi, kwa kuwa tumezisikia tangu utotoni, zimezoeleka mno masikioni, hata mtu huweza kuzikubali zote pasi na kuguswa na hata moja. Watu wa Biblia wamekuwa kwetu watu wa vioo vya madirisha ya kanisa. Ndiyo maana napenda kumchukua msomaji mahali pa karibu, anapoweza kwenda kwa basi na kurudi siku ile ile kutoka Mombasa: kilimani Rabai, katika nchi ya Wamijikenda, ambao katika vitabu vya zamani waliitwa Wanyika.

Mwezi wa Januari mwaka 1844 alishuka Unguja Mjerumani mmoja jina lake Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza, yaani CMS. Alikuwa ametoka kushindwa. Kabla ya hapo alifanya kazi katika Uhabeshi, akafungiwa njia ya kurejea huko, na safari ya kuja pwani yetu ilikuwa kwake ni mlango wa pili baada ya ule wa kwanza kufungwa usoni pake. Sayyid Said, mtawala wa Unguja, alimpokea kwa hisani na kumpa barua ya kumjulisha kwa maliwali wake, ingawa alijua vyema kwamba mgeni huyu amekuja kutangaza dini nyingine. Mwezi wa Mei akahamia Mombasa pamoja na mkewe Rosine, aliyekuwa mja mzito. Mwezi wa Julai homa ikawaangusha wote wawili. Rosine akajifungua mtoto wa kike, akafariki baada ya siku chache, na yule mtoto naye akamfuata mamaye. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali.

Katika barua aliyowapelekea wakubwa wake Krapf alisema kwamba kaburi hilo la upweke ni alama kwamba vita vya kuiendea Afrika Mashariki vimeanza. Maneno hayo yamerudiwa mara nyingi katika vitabu vya misioni, na yamepigiwa tarumbeta ya ushujaa. Mimi nikiyasoma namwona mtu mgonjwa kitandani, ambaye hana mke wala mwana, hajui lugha ya watu aliowajia ila kidogo, wala hajapata mfuasi hata mmoja, naye anatafuta maana katika yaliyompata ili asizame. Sioni kwamba kumtazama hivyo kunampunguzia heshima. Katika hali hiyo hiyo ya unyonge alikuwa ameanza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi mmoja wa Mombasa, Mwislamu mwenye elimu aliyekuwa na subira ya kukaa na mgeni huyu na kumsahihisha maneno. Nasi Wakristo wa pwani hatuna budi kuikumbuka fadhila hiyo ya jirani.

Mwaka 1846 alikuja mwenziwe, Johannes Rebmann, kijana wa miaka 26, na tarehe 25 Agosti ya mwaka huo wakapanda wote wawili kwenda kufanya maskani Rabai. Walikwenda wakiwa na homa, hata kilima kile, ambacho watoto wa Rabai hukipanda kwa mbio, kwao kikawa mlima. Hivyo ndivyo misioni ya kwanza ya CMS katika nchi ambayo leo ni Kenya ilivyofunguliwa: na wagonjwa wawili waliokuwa hawana hakika ya kuiona wiki ya pili.

Nao walitarajia nini? Krapf alitarajia makubwa. Moyoni mwake ilikuwamo azma ya kupanga vituo vya misioni kama mnyororo, kuvuka bara zima kutoka Mombasa mpaka pwani ya magharibi, na alikuwa akipima umbali na kuhesabu watu watakaohitajiwa hali kanisa lake lenyewe halijapata mwaminifu wa kwanza. Wazee wa Rabai waliwakaribisha kwa adabu, wakasikiliza, wakarudi kwenye mambo yao. Miezi ikapita, miaka ikapita. Watoto walikuja na kuondoka. Na kama ungaliwauliza wale wawili ni nani wangependa awe wa kwanza, nadhani wangalitamani mzee mwenye kauli katika kaya, ambaye akisema wengine hufuata.

Aliyekuja alikuwa Mringe.

Tunayoyajua juu ya Mringe ni machache, na yote yametufikia kwa kalamu ya wageni. Alikuwa maskini, tena kilema, mwenye mwili ulioharibika. Hakuwa na cheo, hakuwa na mali, na katika jamii ambayo mtu hupimwa kwa kulima, kuwinda, kuoa na kusimama pamoja na rika lake, alikuwa mtu wa kusaidiwa. Lakini alisikiliza. Krapf amesimulia katika shajara yake kwamba usiku mmoja Mringe alibaki kwake, wakazungumza mpaka usiku mwingi habari za ulimwengu ujao, na mji wa Mungu, na mwili usioharibika watakaopewa wenye haki; na kwamba yule kilema aliyapokea maneno hayo kwa shauku kubwa.

Nawaomba wasomaji wasipite upesi hapo. Habari ya mwili usioharibika ni sehemu ya imani ambayo wengi wetu, tulio na miguu yetu na mikono yetu, huikiri kila Jumapili katika Kanuni ya Imani bila ya kuwaza. Tunaitamka pamoja na mengine na kukaa kitako. Kwa Mringe haikuwa hivyo. Yeye aliisikia kama mfungwa asikiavyo habari za siku ya kufunguliwa. Udhaifu wake ulimpa sikio ambalo wazima wa Rabai hawakuwa nalo, na sidhani kwamba hata yule mhubiri aliyekuwa akimfundisha alikuwa nalo kwa kadiri ile. Ndipo ninaposema kwamba kilema cha Mringe hakikuwa pingamizi aliloruka ili aifikie imani. Kilikuwa njia yenyewe aliyoijia, na mtu mzima asingaliweza kuipita.

Alibatizwa mwaka 1851, karibu na mauti yake. Hakuhubiri, hakujenga shule, hakumwongoza mtu katika msafara. Kwa hesabu za taarifa za misioni, ambazo hupenda idadi, faida yake ilikuwa nafsi moja tu, nayo ikaondoka mara moja. Hata hivyo vitabu vyote vya historia ya Kanisa katika Kenya vinapofika mwanzoni vinamkuta yeye amekwisha kukaa pale, wala hapana namna ya kumzunguka. Baada yake akafuata Abe Gunja, na baada ya Abe Gunja wengine wachache. Mtu akiniuliza kusudi la maisha ya Mringe lilikuwa nini, nitamjibu kwamba alikuwa wa kwanza kuamini mahali ambapo hapakuwa na aliyeamini, na kwamba kazi hiyo hawezi kuifanya ila mtu mmoja, naye aliifanya akiwa hawezi kufanya kazi nyingine yoyote.

Turudi kwa wale wageni wawili, maana habari zao zinafundisha jambo lililo gumu zaidi kuliko homa. Homa si aibu ya mtu. Lakini Krapf na Rebmann walikuwa na kasoro za tabia, ambazo ni aibu, na hatuna haja ya kuzipamba. Krapf alikuwa mwepesi wa kutoa hukumu. Aliandika juu ya Wanyika, na juu ya Waislamu wa pwani waliompa hifadhi na kumfundisha lugha, maneno makali ambayo Mkristo wa leo huyasoma kwa huzuni. Hakuwa na uvumilivu wa kukaa. Rebmann kwa upande wake alikuwa mkaidi, mpenda upweke, mzito wa kukubali shauri, na kadiri miaka ilivyozidi ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu mtu kufanya kazi pamoja naye. Nao waligombana. Krapf alitaka kusafiri na kufungua njia. Rebmann, pamoja na mwenzao Jakob Erhardt, alitaka wakae mahali pamoja wafundishe wachache vizuri. Ugomvi huo uliwaumiza wote na kuwashughulisha wakubwa wao Ulaya.

Tena kila mmoja alipata fundisho lake njiani. Rebmann alianza kwa kusafiri: akiongozwa na Bwana Kheri, aliiona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, akaandika kwamba kileleni pana theluji, na mabingwa wa jiografia waliokaa London wakamcheka. Mwaka uliofuata alikwenda tena kwa nia ya kufika Unyamwezi, na alipofika Machame mfalme Mamkinga akamnyang'anya bidhaa alizochukua kwa safari ndefu, akarudi pwani mikono mitupu, akiwa mnyonge wa mwili na roho. Hakusafiri tena safari za namna hiyo. Krapf naye mwaka 1851 alikuwa Ukambani pamoja na Kivoi, mkuu wa Wakamba, karibu na mto Tana, waliposhambuliwa njiani. Kivoi akauawa, wengine wakatawanyika, na Krapf akabaki peke yake mwituni siku kadhaa, akila majani na kuchukua maji katika mtutu wa bunduki na katika mfuko wa ngozi wa darubini. Mwaka 1853 afya ikamshinda akarejea Ulaya. Mnyororo wa vituo haukuwa na hata pete ya pili.

Rebmann akabaki. Alikaa pwani yetu miaka 29 pasi na kurudi kwao hata mara moja. Mkewe Emma alifariki mwaka 1866, na mtoto wao alikuwa amekwisha kufa zamani. Ukaidi ule uliowaudhi wenzake ndio uliomfanya asiondoke wakati wengine wote wameondoka au wamekufa, wala sijui kama mtu mpole mwenye tabia ya kupendeza angaliweza kuustahimili upweke wa namna ile. Alikusanya maneno. Palikuwa na mtumwa mmoja jina lake Salimini, mtu wa nchi za Nyasa aliyeletwa pwani, na Rebmann alikaa naye siku nyingi akiandika lugha yake neno kwa neno, lugha ya nchi ambayo Rebmann mwenyewe hakuwahi kuikanyaga. Pamoja na Erhardt alitengeneza pia ramani ya bara kwa kuwauliza wafanyabiashara wa misafara. Ramani hiyo ilikosea vibaya, ikachora bahari moja kubwa mahali palipo na maziwa makubwa matatu, lakini ilipoonekana Ulaya iliwatia watu hamu ya kwenda kutazama, na wasafiri Burton na Speke wakaingia bara mwaka 1857 kwa sababu yake.

Kisha akapofuka. Sir Bartle Frere alipofika Rabai mwaka 1873, alipokuja pwani kwa jambo la kukomesha biashara ya watumwa, alimkuta Rebmann mzee kabla ya wakati wake, macho yamezimika, amezungukwa na kundi dogo la waaminifu. Mwaka 1875 akakubali hatimaye kuondoka, akishikwa mkono na mwanafunzi wake Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai, aliyesafiri naye mpaka Ulaya. Mwalimu aliyekuja kuwaongoza watu wa kilima kile alikipa mgongo akiongozwa nao. Alifariki Korntal, Ujerumani, tarehe 4 Oktoba 1876. Na mwaka uliofuata kamusi ile ya lugha ya Salimini ilichapishwa; aliyeitengeneza kwa ajili ya mtambo wa chapa alikuwa Krapf, mgomvi wake wa zamani, ambaye naye kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa kaburini tangu Novemba ya mwaka uliotangulia.

Nimekawia katika habari za watu hawa kwa sababu ndani yake naona kwamba kusudi halikuwangoja watakasike. Kasoro zao zilikuwamo mwanzo zikawamo mwisho, na kazi ikafanyika katikati ya kasoro hizo, nyingine kwa msaada wake na nyingine licha yake. Lakini hapa ni lazima niweke mpaka, maana katika siku zetu fundisho hili la neema kwa wadhaifu limetumiwa vibaya, na watu wameumizwa.

Udhaifu ni kitu kimoja na dhuluma ni kitu kingine. Mtu mwenye kigugumizi, mwenye woga, mwenye maradhi, mwenye huzuni isiyoondoka, mwenye tamaa anayopigana nayo na kushindwa na kuinuka tena, huyo ni mnyonge anayestahili kushikwa mkono. Lakini mhubiri anayekula mali ya wajane, au mzee wa kanisa anayempiga mkewe, au kiongozi anayewaharibu mabinti wa kwaya, kisha akafichuliwa akasimama mimbarini kusema kwamba yeye ni mwanadamu tu na hakuna mkamilifu, huyo anaiba maneno ya wanyonge ili afunike uovu wake. Paulo aliposema habari za mwiba alisema mwiba ulimchoma yeye. Hakusema habari za mwiba anaowachomea wengine. Mtu wa namna hiyo haki yake ni kuondolewa katika kazi, kukabiliwa na sheria, na kutubu mbali na mimbari, na neema atakayoipata huko ni neema ya kweli. Usharika unaomrudisha upesi kwa jina la msamaha unawafukuza wale aliowadhulumu.

Naona uamsho wa Afrika Mashariki ulilifahamu jambo hili vizuri kuliko sisi. Mwezi wa Septemba mwaka 1929, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini katika Rwanda, alikuja Kampala akiwa amechoka na kukata tamaa, akakutana na Simeoni Nsibambi kilima cha Namirembe. Wakasoma Maandiko na kuomba pamoja, Mganda na Mwingereza, kila mmoja akikiri upungufu wake kwa mwenzake. Kutoka hapo moto ule ukaenea Rwanda na Uganda, na katika miaka ya 1930 ukaingia Kenya na Tanganyika. Ndugu wa uamsho walisimama mbele ya wenzao wakayataja makosa yao, na aliyeiba alirudisha alichoiba, na mwenye deni alikwenda kulilipa. Ilitokea mara nyingine kwamba ungamo likageuka kuwa mazoea, na watu wakashindana kwa ukali wa dhambi zao za zamani. Lakini shina la jambo lilikuwa sahihi. Mtu hakuambiwa afiche udhaifu ndipo atumike. Aliambiwa autaje, arudishe alichochukua, kisha ainuke aende akashuhudie siku ile ile.

Nalo neno la kustahili lina upande mwingine, ambao ni mchungu zaidi, kwa sababu si kila anayejiona hastahili ameyatoa mawazo hayo moyoni mwake, wengine walifundishwa. Walioambiwa na dunia kwamba ni watu bure, wakaambiwa tena na tena, huja kanisani wakiwa wamekwisha kuamini. Rabai inao mfano wa hili pia.

Mwaka 1864 waliletwa Rabai kumsaidia Rebmann vijana wawili, William Jones na Ismael Semler. Jones alikuwa Myao. Alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa baharini, akalelewa India katika nyumba ya misioni na kufundishwa ufundi wa chuma, kisha akarudishwa upande huu wa bahari ambako hakuwa na ukoo, wala kaya, wala mzee wa kumtaja. Wenyeji walimwona mgeni. Wamisionari wa Ulaya, isipokuwa wachache, walimwona mtumishi. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimweka wakfu kuwa shemasi, yeye pamoja na Semler, na mwaka huo huo akamchukua katika safari ya kwenda Uganda. Hannington akauawa Busoga, na Jones ndiye aliyeurudisha msafara uliobaki mpaka pwani, akiwa amebeba habari ambayo hakuna mtu aliyependa kuipokea.

Akarudi kwenye kazi yake Rabai. Na wakati ule watumwa walikuwa wakitoroka mashambani, katika minazi na mihogo ya pwani, wakipanda usiku mpaka kilimani kwake. Sheria ya nchi ilikuwa upande wa wenye watumwa. Wakubwa wa misioni walikuwa na hofu, na walitoa maagizo kwamba watoro wasipokewe, kwa kuwa usalama wa misioni nzima ulikuwa hatarini. Na hofu hiyo haikuwa ya bure, maana mashamba ya misioni yalikwisha kutishiwa kwa silaha. Lakini watu waliendelea kuja, na waliendelea kukaa, wakalima, wakajenga vibanda, wakaja ibadani kwa Jones. Mwaka 1888 jambo likafichuka lote, wenye watumwa wakadai mali yao, na George Mackenzie, aliyekuja kwa niaba ya kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, akaona hakuna njia ya amani ila fidia. Fedha zikakusanywa. Tarehe 1 Januari 1889 watu waliitwa kwa majina mmoja mmoja pale Rabai, kila mtu akapewa hati ya uhuru wake, na walipohesabiwa walikuwa zaidi ya 1,400.

Watu hao walikuwa na yote ambayo mtu huyatoa kuwa udhuru. Hawakujua kusoma. Wengi wao hawakuwa na ndoa inayotambulika, kwa kuwa mtumwa huozwa na kutenganishwa kwa amri ya bwana wake. Walikuwa na hofu, na makovu, na mazoea ya kusema uongo ambayo mtumwa hana budi kuyajua ili aishi. Shemasi wao alikuwa mtu aliyeuzwa kama wao, na hakungoja mpaka wamekuwa watu wa namna nyingine ndipo awafundishe kuimba, na kusoma, na kuitana ndugu. Aliwapokea na hofu yao wakaanza. Kutoka katika kundi hilo na wenyeji wa Rabai waliotangulia lilikua kanisa la kilima kile, na wakatokea humo wasomaji, na walimu wa shule, na mama waliolea yatima, na waashi waliojenga.

Historia haikuwaandika wote majina. Lakini nina hakika kwamba katika wale zaidi ya 1,400 walikuwamo walioombwa kusoma somo la Jumapili wakasema hawawezi, na William Jones, aliyejua maneno hayo yalitoka wapi, akawapa kitabu mkononi na kuwaonyesha mstari wa kuanzia.